Senti kumi ya tundu ya 1941, tarehe imejirudia: kosa la kiwanda au macho yangu?

#1 Kibubu
Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita tulibomoa jiko la marehemu bibi huku Matombo. Chini ya figa moja tukakuta kopo la maziwa limefukiwa, mdomo umefungwa kwa kipande cha kaniki. Watu wakaanza kupiga hesabu za rupia hata kabla halijafunguliwa. Kufungua: sarafu 31, senti tano na senti kumi zile za tundu, na senti moja chache. Hakuna fedha, hakuna dhahabu. Mjomba akaondoka zake kwenda kulisha mbuzi.

Sasa kuna senti kumi moja ya 1941. Upande wa pembe za ndovu, kwenye tarehe, ile 4 ina mguu wa pili unaochungulia kulia kwake, na 1 ya mwisho ina ukingo mwingine pembeni. Ni kama mtu na kivuli chake saa kumi jioni. Ila 1 na 9 za mwanzo ni safi, hazina kitu.

Nimesikia Marekani kuna senti moja ya 1955 ambayo tarehe imejirudia na watu wanaigombania. Je, hii ya kwetu ni ya namna hiyo? Picha tatu hizo hapo, nimepiga kwa simu.

#2 Chai ya Rangi
Inavuta mchele?

#3 Dada Nuru
Mkuu taja bei kabla wajuzi hawajafika.

#4 Chai ya Rangi
Dada Nuru wewe hata jeneza ungeuliza bei ya jumla.

#5 FundiSaa
Kibubu, picha yako ya kwanza imepigwa chini ya taa mbili, kila kitu kina vivuli viwili, hata ukucha wako. Kabla hatujaenda mbali fanya hivi. Zima taa zote, bakiza tochi moja, iweke chini pembeni ili mwanga ulale juu ya sarafu. Kisha usiguse tochi, izungushe sarafu taratibu. Huo ukingo wa pili ukihama kufuata mwanga, ni kivuli. Ukibaki umeganda na tarakimu popote inapoelekea, hicho ni chuma na tuna la kuzungumza.

Nusu ya "tarehe mbilimbili" ninazoletewa dukani huishia hapo hapo kwenye tochi.

#6 Ndururu
Salamu kutoka Nakuru. Mimi nadhani mnahangaika bure. Senti kumi za 1941 nyingine zina herufi I karibu na tarehe, na ukiangalia haraka unaisoma kama moja nyingine. Nimeshaona mtu akiapa kwamba ana sarafu ya mwaka 19411.

#7 Kibubu
Ndururu, I ipo kweli, nimeiona, lakini ni ndogo na imekaa kivyake. Ninachosema ni kingine.

FundiSaa, nimefanya. Nimezima taa, mke wangu akauliza kama LUKU imeisha. Ukingo haukuhama. Hata ukucha ukipita pale kwenye 4 unakwama mara mbili, kigingi kikubwa halafu kidogo.

#8 Mzee wa Rupia
Hamjambo vijana.

Hiyo I ni alama ya Bombay. Sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki hazikupigwa mahali pamoja. H ni kiwanda cha Heaton pale Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, na zisizo na herufi ni za London. Wakati wa vita kazi ilisambazwa zaidi, ndiyo maana 1941 unakuta zenye I na zisizo na kitu, halafu 1943 unakutana na SA.

Sasa kuhusu kujirudia. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu. Muhuri wenyewe nao haukuchongwa moja kwa moja. Unatengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama, ambao picha yake imesimama juu kama ilivyo kwenye sarafu. Enzi hizo kukandamiza mara moja hakukutosha. Chuma kikikandamizwa kinakuwa kigumu, kinarudishwa kwenye moto kilainike, kinapoa, halafu muhuri mama unashushwa tena palepale. Tatizo ni hilo neno "palepale". Ukishushwa umegeuka kidogo tu, muhuri unabaki na picha mbili, na kila sarafu itakayotoka hapo itakuwa na picha mbili. Mimi huuita muhuri pacha. Hiyo 1955 ya Marekani ni ya namna hiyo.

Na msishangae kwamba 1 na 9 ni safi. Muhuri mama ukigeukia kwenye egemeo la upande mmoja, upande wa pili ndio unaotembea zaidi. Fungua mlango uone: bawaba haijasogea, kitasa kimekwenda hatua nzima. Kibubu, kagua herufi za EAST AFRICA moja moja. Zilizo mbali na hizo 1 na 9 nazo zikiwa na miguu ya pili, basi hongera.

#9 MwanaMvita
Shikamoo Mzee. Maelezo ya mlango yameniingia kuliko yote niliyowahi kuyasoma.

#10 Mchonga Mihuri
Shikamoo Mzee wa Rupia, lakini naomba nitofautiane kwa adabu.

Kazi yangu ni kuchonga mihuri ya maofisi na vibao vya majina, Mwanza. Nimekuza picha ya tatu ya Kibubu mpaka ikapasuka. Ninachokiona kwenye 4 ni ngazi bapa. Yaani tarakimu imesimama, halafu pembeni kuna kibaraza cha chini, kimelala, kinang'aa. Muhuri pacha hautoi kibaraza. Unatoa tarakimu mbili zenye mgongo wa mviringo, na kwenye pembe unaona mpasuko kama mkia wa mbayuwayu.

Kibaraza hutokea pale muhuri unapokuwa umelegea kwenye mashine. Unashuka, unapiga, halafu wakati wa kunyanyuka unatikisika na kukisukuma chuma ambacho kimeshasimama. Hili siyo kosa la muhuri, ni la pigo lile moja. Sarafu inayofuata inaweza kutoka safi, ya tatu ikatikisika upande mwingine.

Kipimo chake rahisi: linganisha unene. Kwenye muhuri pacha tarakimu inanenepa, kwa sababu kimeongezwa kitu. Muhuri ukitikisika, kibaraza kimekatwa kutoka kwenye tarakimu yenyewe, kwa hiyo inakonda. Kibubu, chukua senti kumi nyingine ya 1941 kutoka kwenye kopo, weka sambamba. 4 yako imenenepa au imekonda?

#11 Chai ya Rangi
Yaani hapa tunapima kama sarafu imenenepa. Nchi hii.

#12 Baridi Kali
Niko Minnesota, nje theluji mpaka kwenye kioo cha gari, nimepata uzi wa kunipasha moto.

Mleta uzi umetaja 1955. Ilikuwa Philadelphia, wanapiga senti moja usiku na mchana. Muhuri mmoja ulikuwa pacha, tarehe na maandishi yote yamejirudia wazi kiasi kwamba huhitaji lenzi. Walipogundua, sarafu zilikuwa zimeshachanganywa kwenye rundo na nyingine nyingi nzuri. Wakaona kuziteketeza zote ni hasara, wakaziachia. Zaidi ya 20,000 zikaingia mitaani. Utamu uko hapa: nyingi zilitokea kwenye mashine za kuuzia sigara. Pakiti ilikuwa senti 23, watu wanatumbukiza sarafu ya 25, kwa hiyo chenji ya senti mbili ilikuwa inafungwa kabisa ndani ya karatasi laini ya pakiti. Mtu anafungua sigara anakuta senti yenye tarehe mbili.

Sasa aibu yangu. Mwaka wa kwanza hapa nilipata 1955 kwenye chenji. 5 ya mwisho ina 5 nyingine pembeni. Nilikaa nayo miezi minne nimeifunga kwenye soksi, sikumwambia hata niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja. Siku naipeleka dukani, mzee wa dukani hakuinua hata lenzi. Akasema hii tunaiita ya maskini. Kumbe ziko tele. Muhuri ulitumika mpaka ukachakaa, chuma cha sarafu kikawa kinatambaa kuelekea ukingoni, tarakimu ya mwisho ikavimba na kutoa kivuli. Hakuna upacha wowote.

Kwa hiyo mimi naongeza maelezo ya tatu: uchakavu wa muhuri. Kibubu, uso wa sarafu yako karibu na tarehe ni laini au una mikunjo mikunjo kama ganda la chungwa?

#13 Dada Nuru
Hiyo ya maskini bei gani?

#14 Baridi Kali
Ingenunua kahawa nusu kikombe. Nimeibakiza.

#15 Yakhe wa Malindi
Assalaam alaykum. Malindi ya Unguja, si ile ya Kenya, maana kila mara naulizwa.

Mie nna pesa ya Seyyid Barghash, ile ya shaba yenye mizani, mwaka 1299 wa Hijra. Ile ٩ ya mwisho ina kichwa cha pili kidogo juu yake. Baba alikuwa akisema fundi kapiga tarakimu kwa nyundo, mkono ukateleza, akapiga tena. Je, hii ya Kibubu haiwezi kuwa vivyo hivyo? Fundi kapiga 41 kwa mkono mara mbili?

#16 Mzee wa Rupia
Yakhe, baba yako hakukosea kuhusu namna kazi ilivyokuwa ikifanyika zamani. Tarakimu kupigwa moja moja kwenye muhuri ni jambo la karne ya 19. Peni za Malkia Victoria zimejaa vituko hivyo, maana walikuwa wanamalizia tarakimu za mwisho kwa mkono ili muhuri usitupwe mwaka ukiisha. Iko peni maarufu ya 1865 ambayo chini ya 5 inaonekana 3. Na senti za Kanada za 1859, zilizopigwa London, zina 9 zilizorudiwa za kila aina, nyingine 9 imekaa juu ya 8.

Lakini 1941 tarehe tayari iko kwenye muhuri mama. Hakuna fundi mwenye nyundo hapo.

#17 MwanaMvita
Mzee, hapo niruhusu kidogo. Tarehe ndiyo, lakini herufi I je? Alama za viwanda mara nyingi ziliongezwa kwenye muhuri baadaye, kwa mkono. Na hiyo ndiyo inaweza kutupa jibu. Kama I ilipigwa baada ya muhuri kukamilika, basi muhuri pacha hautaigusa: tarehe itakuwa na mbili, I itabaki moja. Lakini muhuri ukitikisika kwenye mashine haubagui, I nayo itakuwa na kibaraza upande uleule.

Kibubu, hebu tuangalizie I.

#18 Mchonga Mihuri
MwanaMvita umenena. Hilo mimi halikunijia.

#19 Mzee wa Rupia
Ni hoja nzuri, ila inategemea kama Bombay walipokea mihuri mama yenye I tayari. Kama ilikuwemo, I na tarehe zitafanana kwa vyovyote na hoja inakufa.

#20 FundiSaa
Na kabla hamjazama huko: uzito. Sarafu za tundu zilikuwa zikighushiwa? Sijui nani angejisumbua na senti kumi, lakini pima. Nenda kwa sonara, mizani yake inasoma gramu kwa nukta.

#21 Jicho Kali
Nimesoma uzi wote. Mnazunguka. Mimi naona 39 chini ya 41! Ile "mguu wa pili" wa 4 ni mgongo wa 3, na ukingo wa 1 ni ubavu wa 9. Senti kumi za 1939 zipo. Walichukua muhuri wa 1939 wakaupiga 1941 juu yake. Marekani mambo hayo yametokea, senti kumi yao ya fedha ya 1942 ina 41 chini yake, tena wakati wa vita hivi hivi.

#22 Baridi Kali
Hiyo ya 1942 juu ya 41 ni kweli kabisa, tena ni ya Philadelphia na Denver zote mbili. Lakini tazama ilivyotokea: mwishoni mwa 1941 walikuwa wanaandaa mihuri ya miaka miwili kwa pamoja, muhuri mmoja ukakandamizwa kwanza na mama wa 41 halafu na mama wa 42. Ni upacha, ila mapacha wa baba tofauti. Na huko 1 inaonekana wazi kando ya 2. Kwenye picha ya Kibubu sioni mviringo wowote. 3 bila mviringo ni 3 gani?

#23 Chai ya Rangi
Jicho Kali alikuwa anaangalia na jicho lile lingine.

#24 Jicho Kali
Chekeni. Gazeti likiandika mtanitafuta.

#25 Kibubu
Nimerudi. Niliwahi kwa sonara Morogoro mjini, kanitania kwanza kabla ya kupima. Imesoma gramu kumi na kitu, nyingine za kopo hilo hilo zinasoma karibu na hapo, kila moja na nukta zake. Sumaku haiikamati. Sonara anasema ni shaba iliyochanganywa, "ya kawaida tu, nenda ukanunue soda".

EAST AFRICA: herufi mbili nina shaka nazo, lakini zimelika. Siwezi kuapa.

Unene: 4 yangu ukilinganisha na nyingine ya 1941… naona zinalingana. Mke wangu anaona yangu imenenepa. Mdogo wangu anaona imekonda. Tumepiga kura, tumetoka sare kwa sababu mimi nimejizuia.

Kuhusu I na ganda la chungwa kuna jambo inabidi niseme. Siku tuliyolifungua kopo, mama aliona sarafu zimeota kutu ya kijani. Akazisugua kwa majivu na limau. Zote. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchota maji.

#26 FundiSaa
Inna lillahi.

#27 Mchonga Mihuri
Basi "kibaraza kinachong'aa" nilichokiona ni majivu ya mama. Nafuta nusu ya maneno yangu. Nusu nabaki nayo.

#28 Mzee wa Rupia
Kibubu mwanangu, mpe pole mama, hajakosea, ndivyo tulivyosafisha masufuria. Lakini kwa wengine wote mnaosoma: sarafu ya zamani usiisugue. Si kwa majivu, si kwa limau, si kwa dawa ya meno, si kwa mchanga. Kutu ya kijani ikikaa, iache ikae, ichovye kwenye mafuta laini tu na uwe na subira. Ule uso wa juu ndio unaobeba ushahidi, namna chuma kilivyotambaa wakati wa pigo. Majivu ni msasa.

#29 Ndururu
Mama yangu alizisugua za babu kwa mchanga wa mto. Zilimetameta kama mpya, akazivaa shingoni siku ya Krismasi.

Kwa njia, jina langu hapa ni la senti tano. Kwetu senti tano iliitwa ndururu. Nyinyi huko mlisemaje?

#30 Yakhe wa Malindi
Sie pesa ni pesa, neno limetoka Bara Hindi na sarafu zake. Na nyie wa bara mkisema "sina hela" mnamtaja Mjerumani bila kujua, maana heller ilikuwa sehemu ya mia ya rupia yake tangu 1904. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mjerumani kaondoka, hela kaiacha, na bado hatuna.

#31 Dada Nuru
Nilikuwa nasema thumuni mpaka nimezeeka, sikujua ni senti hamsini kwa sababu gani.

#32 MwanaMvita
Thumuni ni sehemu ya nane. Hilo lina uzi wake, tusimwibie Kibubu uzi.

#33 Mzee wa Rupia
Mmetaja Mjerumani. Mkitaka kuona mihuri inavyoacha alama, msihangaike na darubini, tafuteni heller 20 za Tabora, za 1916. Wamezingirwa, meli hazifiki, wakazipigia kwenye karakana ya reli kwa shaba na shaba nyeupe, zikiwemo ganda za risasi kubwa. Mihuri ilichongwa hapo hapo, ikavunjika, ikachongwa mingine. Kwa hiyo taji kubwa, taji dogo, herufi L yenye mkia uliojikunja na L yenye ncha. Watoza wanazipanga kwa hizo L. Macho tu yanatosha.

#34 Mlinzi wa Kopo
Napita tu. Mzee, umesema "shaba nyeupe", nadhani ulimaanisha shaba ya njano, ile ya bomba na vitasa. Tabora ziko nyekundu na za njano.

#35 Mzee wa Rupia
Umesahihisha sawa. Ni ya njano. Asante, macho yamechoka.

#36 Mlinzi wa Kopo
Na kwa kuwa nimeshaingia, onyo. Mwaka juzi nilikuwa na sarafu ya tundu ya 1936, ile yenye jina EDWARDVS VIII. Mfalme yule hakumaliza hata mwaka, lakini kwa kuwa sarafu zetu za tundu hazikuwa na sura ya mfalme, jina tu, ziliwahi kupigwa na kutumika. Wengi wanadhani ni adimu, wala si adimu. Mtu mmoja wa mtandaoni akaniambia yangu ina "tarehe mbili", nimtumie kwa basi aichunguze kisha tukubaliane. Nikatuma. Akasema imefika. Akasema ni ya kawaida. Nikamwambia basi nirudishie. Mpaka leo simu inaita tu.

Sijui kama ilikuwa na tarehe mbili. Najua sasa haiko kwangu.

#37 Dada Nuru
Siyo mimi jamani, mimi huwa nauliza bei tu.

#38 Jicho Kali
Na kama ilipigwa mara mbili nzima? Yaani sarafu imepigwa, haikutoka, ikapigwa tena?

#39 FundiSaa
Ingejirudia kila kitu: pembe, taji la upande wa pili, maandishi, pande zote mbili za sarafu. Huwezi kupigwa ngumi mbili za uso ukavimba ukucha. Kibubu, taji liko moja?

#40 Kibubu
Taji ni moja. TEN CENTS ni moja. Upande huo uko safi kama umetoka jana (majivu).

#41 Mchonga Mihuri
Ndiyo maana narudi palepale: kuna muhuri wa juu na wa chini, uliolegea ni mmoja. Upande mmoja unatikisika, wa pili umetulia.

#42 Mzee wa Rupia
Na muhuri pacha pia huwa ni upande mmoja. Hapo hujanishinda.

#43 Baridi Kali
Na muhuri uliochakaa pia unaweza kuwa upande mmoja. 🙂

Kwa sasa njia ni moja tu ya kutenganisha. Muhuri pacha hutoa sarafu nyingi zinazofanana, upande uleule, umbali uleule. Ikipatikana ya pili, Mzee ana kesi. Isipopatikana, kila mtu abaki na lake. Wenye senti kumi za 1941 zenye I, fungueni makopo.

#44 Ndururu
Nimekagua zangu nne. Tatu hazina I, moja ni ya 1941 yenye I na tarehe safi. Samahani Mzee.

#45 Mzee wa Rupia
Moja safi haithibitishi lolote, mihuri ilikuwa mingi.

#46 Kibubu
Wakuu, mjomba amekuja jioni, nimemwonyesha uzi. Akasema "hizo mbona zilikuwa nyingi, marehemu alizigawa". Kumbe yeye alichukua kadhaa miaka mingi nyuma, akazifanya washa za bolti. Moja iko kwenye bolti ya komeo la banda la mbuzi. Nimekwenda na tochi. Ni senti kumi, kichwa cha bolti kimefunika tundu na sehemu ya pembe, lakini tarehe iko nje. Imepakwa rangi ya bluu ya mafuta. Chini ya rangi nasoma 19, halafu kitu.

#47 FundiSaa
USIKWANGUE KWA KISU.

#48 Mchonga Mihuri
Wala majivu.

#49 Dada Nuru
Mjomba anauza komeo?

#50 Kibubu
Nimemwomba aifungue bolti, amekataa. Anasema imeshika kutu, ikifunguka haitarudi, na mbuzi wake wa maziwa ana tabia ya kwenda kwenye mahindi ya jirani. Nimetumia kitambaa na mafuta ya taa kidogo, polepole. Rangi imetoka kwenye 4 na 1. Ni 1941. I ipo.

Wakuu. 4 ina kitu pembeni.

Lakini kiko upande wa KUSHOTO. Yangu kiko kulia.

#51 Mchonga Mihuri
Nilisema! Ya kwanza inatikisika huku, ya pili inatikisika kule. Muhuri ulilegea. Mzee, nakununulia kahawa.

#52 Jicho Kali
Mviringo unaonekana?

#53 MwanaMvita
Subirini kwanza. Kibubu, sarafu imekazwa na bolti, haiwezi kuzunguka. Unaposema kushoto, tarehe imekaa wima, au inasomeka kichwa chini?

#54 Kibubu
Duh.

#55 Kibubu
Nilikuwa nimeinama. Ngoja nirudi bandani, tochi inachaji.